Maandishi Kifuani mwa Shangazi

Hii hamtaiamini, na mimi simlazimishi mtu, lakini ilitokea vilevile ninavyoisema. Shangazi alikwenda dukani asubuhi kununua mkate, akiwa na maandishi meupe kifuani: MWITIKIAJI, JINA HALIJULIKANI. Hayakuwa kwenye nguo. Yalielea mbele yake, shubiri moja hivi kutoka kwenye vifungo, na alipogeuka nayo yaligeuka. Muuza duka, aliyemuuzia mkate tangu duka likiwa meza tu, aliyasoma, akamuuliza, "Mama, wewe ni mgeni huku?"

Shangazi akaenda na mkate wake hadi kwa mtoto wa kaka yake, anayeitwa Mkasi kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga filamu. Mkasi alikuwa amemaliza filamu ya historia ya muziki wa watu weusi, tangu enzi za santuri. Ndani yake kuna kipande cha zamani: mwimbaji maarufu, marehemu sasa, anatabasamu, na msichana wa pembeni ndiye anayeanzisha wimbo. Msichana huyo ni Shangazi. Wimbo aliutunga yeye akifua nguo, ukoo mzima unajua, Mkasi akiwemo, maana alibembelezwa nao.

Lakini kipande kile alikuwa nacho mtoto wa marehemu peke yake, na alikitoa kwa sharti moja: wimbo ni wa baba, mwingine asitajwe. Mkasi akaandika alichoandika chini ya picha ya yule msichana.

"Huu mkono wako naujua," Shangazi akamwambia, akivuta kiti. "Umenibandika kama pakiti ya unga."

"Shangazi, ni filamu tu."

"Basi futa. Si ulinionyesha mwenyewe kwamba ni kubonyeza tu?"

Mkasi akasema atafuta baada ya onyesho. Usoni hakumtazama. Macho yaliishia kwenye herufi, akaona kivuli alichozitilia kwenye kompyuta ni kizito mno.

Siku ya onyesho Shangazi alikaa mstari wa mbele. Taa zilipozimwa maandishi yakawaka, watu wa nyuma wakanung'unika, na mhudumu wa ukumbi akamwomba kwa adabu ajifunike. Akajifunika mtandio. Kwenye skrini yule msichana akaanzisha wimbo. Kwenye kiti Shangazi akaitikia taratibu. Jirani yake akasifia spika za ukumbi.

Watu walisimama kupiga makofi. Mtoto wa marehemu akamshukuru baba yake. Kisha bibi mmoja akapewa kipaza sauti, akamuuliza Mkasi: yule binti aliyeanzisha wimbo ni nani?

Shangazi akashusha mtandio, akakaa vizuri, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mkasi akamtazama. Jina alikuwa nalo mdomoni. Mtoto wa marehemu akakohoa. Mkasi akasoma yaliyoandikwa, neno kwa neno.

Nyumbani Shangazi akachemsha chai. Mkasi alitaka kumwita amwombe radhi, akafungua mdomo, yakatoka yaleyale: mwitikiaji, jina halijulikani.

"Abee," Shangazi akaitika, akamsogezea sukari.

Maandishi yapo mpaka leo. Umeme ukikatika, watoto wa jirani huja kufanyia hesabu zao mbele yake, na yeye hukaa bila kujitikisa, mwanga usiyumbe wakakosea.

Haya, wewe uliyefika mpaka hapa: kipaza sauti kingekuwa mkononi mwako, na Shangazi anakutazama vile, ungemjibu nini yule bibi?