Usivute Kitanda

Somo la asubuhi lilikuwa la kulowesha midomo ya mgonjwa asiyeweza tena kumeza. Wanafunzi wapya wa tiba shufaa, yaani utunzaji wa mtu ambaye dawa za kumponya zimekwisha, walitazama pamba iliyolowa mkononi mwa mwalimu. Mmoja wao, aliyekuwa mshonaji na bado akiitwa Fundi, aliuliza kwa nini mpira wa dripu wa kitanda cha dirishani ni mrefu kuliko mingine.

"Kwa sababu kinasogea," alisema mwalimu. "Mgonjwa akiambiwa atapona na mtu anayejua kwamba hatapona, kitanda kinarudi nyuma shubiri moja. Haya, pamba ikikauka unafanya nini?"

Fundi aliandika yote mawili.

Kitanda cha baba yake, katika wodi ya jirani, kilikuwa kimeshafika mlangoni. Alidhani wafagiaji ndio wanaokisukuma. Kumbe ni yeye, na shangazi, na kaka yake mkubwa, kila mmoja akiingia na chupa ya chai na ile "utapona" yake. Kaka alikuwa amepiga marufuku neno jingine lolote. "Kozi kidogo tu imeshakufanya daktari?" alimwambia. "Ukimwambia ukweli, umemuua wewe."

Mchana alimkuta mzee nje ya wodi, kwenye ujia, blanketi limefika kidevuni, wapita njia wakimkwepa kama ndoo ya kudekia. Fundi akashika chuma cha kitanda, akavuta. Hakikuja.

"Usivute kitanda," alisema mwalimu, akipita na sinia la dawa. "Vuta kiti."

Akavuta kiti, akaketi. Macho yao yakawa sawa.

"Na wewe umekuja kuniponya?" baba aliuliza.

"Leo sina dawa hiyo, baba."

"Afadhali. Wenzako wameniponya mpaka nakaribia chooni."

Wakacheka, mzee akakohoa, Fundi akamlowesha midomo.

"Mdogo wangu anakuja likizo," baba alisema. "Hatujasemezana tangu msiba wa mama. Nimsubiri, au nimwite?"

Fundi alikuwa amefundishwa kutokimbilia jibu. Aliushika mkono wa mzee, akaona umekuwa mwepesi kama kitambaa cha bitana.

"Mwite, baba. Usingoje likizo."

"Nilijua. Nilitaka tu mtu wa kujua pamoja naye."

Magurudumu yakalia, na kitanda kikarudi shubiri moja kuelekea wodini. Fundi akasogeza kiti, akapiga simu. Baba mdogo alisema anafunga mzigo.

Jioni, kaka alifika na daktari wa zamu. "Mzee, umenawiri!" alisema daktari. "Utapona," akaongeza kaka, na shangazi akaitikia nyuma yao. Kitanda kikaondoka, safari hii bila kuhesabu shubiri. Fundi alikifuata na kiti chake, wakapita choo, wakatokea uani.

Baba mdogo alipofika asubuhi, mlinzi hakuhitaji kufikiri. "Wa wodi hiyo? Uani, penye kamba za kuanikia shuka."

Baba mdogo alimkuta mzee kati ya shuka mbichi, akafungua mdomo. Fundi akainuka, akamwekea kiti.

"Kaa kwanza, baba mdogo. Usiseme kitu."

Akakaa. Ndugu hao wawili walishikana mikono mpaka shuka zikakauka.

Juma hilo hilo uongozi wa hospitali ulikutana kuhusu vitanda vya uani, ukaagiza mipira ya dripu mirefu zaidi.