Mfuniko wa Mbele ya Duka la Dawa

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayekwenda kazini au shuleni kwa miguu, hii inakuhusu.

Mimi ni mtu wa hofu. Mwanangu akitoka namwambia aangalie magari, akirudi namuuliza kama amekula. Sikuwahi kumwambia aangalie anapokanyaga, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu ndiyo mahali nilipomwambia apite ili awe salama.

Mbele ya duka la dawa njia hiyo inapita juu ya mtaro, na mtaro umefunikwa kwa vipande vya zege. Kimoja kilikuwa kimepasuka na kinacheza. Asubuhi moja mwanangu alikikanyaga, kikazama naye, mguu ukaingia mpaka gotini. Kifundo kikavunjika. Yeye ni msusi, kazi yake ni kusimama kutwa. Daktari akasema asipowekewa chuma mfupa utaunga vibaya na atachechemea maisha yake yote. Chuma chenyewe hatukukiweza.

Muuza dawa ndiye aliyenifungua macho. "Mama, njia hii ni ya manispaa. Mtu akiumia kwa ubovu wao, wanapaswa kumtibu. Nenda kadai."

Nikaenda. Afisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri, akaahidi kuja kupaona mwenyewe.

Sasa ninaye shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi mwashi. Alikuja nyumbani akanikuta nalia jikoni. Alikuwa na mfuniko mzima uliobaki kwenye kazi ya watu, akaupakia kwenye toroli, akaenda kuutia pale na kuziba kingo kwa saruji. Jioni akaja kuniita nikauone, anang'aa kama bwana harusi.

"Hapa hazami mtu tena, shemeji. Hata wewe na uzito wako."

Nikamshukuru, nikampikia. Kati yetu hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Afisa alikuja na mwenzake mwenye kamera. Akasimama juu ya mfuniko, akaupigapiga kwa kisigino.

"Mama, mahali penyewe ni wapi?"

"Hapo uliposimama."

"Hapa pazima kuliko ofisini kwetu." Mwenzake akacheka. "Mna picha ya palivyokuwa?"

"Tulikuwa tumebeba mtu, baba. Nani angekumbuka picha?"

"Na nani katengeneza? Maana si sisi. Kugusa njia ya manispaa bila kibali nako ni kosa."

Shemeji alikuwa nyuma yangu, saruji imegandia kwenye viatu vyake. Nikasema sijui. Wakaondoka bila kupiga picha.

Jioni ile shemeji hakugusa hata chai. "Nitaubomoa," akasema. "Nyundo ninayo. Waje walikute shimo lao."

Nisiwadanganye, nilitaka. Nilimtazama mwanangu, mguu wake umevimba juu ya mto, nikaona sina cha kumkatazia shemeji. Mwanangu ndiye aliyesema.

"Baba mdogo, ukishabomoa, nani atasimama pale kuwaambia watu wasipite?"

"Wewe. Si umekaa tu siku hizi?"

Mwanangu akatikisa kichwa.

"Sitaki mtoto wa mtu atumbukie ili mimi nitibiwe," akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi shemeji akaja amevaa shati lake la harusi na misiba, anasukuma toroli. Ndani yake mlikuwa na vipande vya ule mfuniko wa zamani. Huyu mtu hatupi kitu. Alikuwa amevipanga mlangoni kwake akanyagie wakati wa matope. Tukaenda hivyo hivyo, na muuza dawa akafunga duka akatufuata.

"Aliyeziba ni mimi," shemeji akamwambia afisa. "Na vipande nilivyovitoa ni hivi." Nondo zilikuwa zimeliwa na kutu zikabaki nyembamba kama sindano. Muuza dawa akasema ndivyo, alimwona akivitoa mbele ya duka lake la dawa.

"Unajua kwamba unajishtaki?" afisa akamuuliza.

"Najua. Mimi nimekubali langu. Ninyi nanyi mkikubali kwamba njia ni yenu, tutakuwa wawili."

Afisa aliviinamia vile vipande kwa muda. Kisha akamwita mwenye kamera.

Ilichukua muda na nenda rudi nyingi, lakini matibabu waliyakubali. Siku za kazi alizopoteza walizikataa, wakidai naye angeangalia mbele yake. Shemeji alifokewa kama mtoto wa shule, akaambiwa asirudie. Mwanangu ana chuma mguuni na ameanza kukanyagia taratibu.

Kwa hiyo mama, ukiona pabovu, kawaambie wenye njia kabla hajaanguka mtu. Akishaanguka, paonekane kwanza na papigwe picha, ndipo pazibwe. Lakini usipaache wazi hata kidogo.

Karibu na zahanati kuna mfuniko mwingine umeanza kucheza. Tumeshatoa taarifa, wamesema wanakuja leo. Nimeweka kigoda changu juu ya kingo zake, miguu yake mingine huku, mingine kule, nikakikalia ili mtu asiukanyage, na haya naandika hapo hapo. Shemeji amekuja, ameinama, ameutikisa kwa kidole.

"Shemeji, hii kazi ya nusu saa tu."

"Kaa chini."

Amekaa. Watu wanatuzunguka wakipita, wengine wanauliza tunauza nini.