Mrithi wa Tatu

Saa moja na robo asubuhi, wapagazi wawili waliingiza kiti kipya katika ofisi ya mwalimu mkuu, kikiwa bado kimefungwa nailoni. Makamu, mwanamke ambaye walimu wenzake walimwita Mama Ratiba, aliwashikia mlango. Mkuu wa zamani alikuwa amestaafu mwezi uliopita, na wilaya ilikuwa na ahadi yake: makamu akilea walimu watatu wa kurithi ukuu hadi wawe wakuu, shule yake ikibaki wazi, bila mkuu, anapewa yeye. Wawili aliowalea walikuwa na shule zao upande wa pili wa mji. Wa tatu alikuwa akisubiri kupangiwa shule.

Afisa elimu alifika wakati wa chai, akawakusanya wote katika chumba cha walimu. Nyuma yake aliingia huyo wa tatu, aliyebatizwa Suti kwa sababu hata siku ya usafi alivaa suti. Mama Ratiba ndiye aliyemfundisha kupanga vipindi, kumtuliza mzazi mwenye hasira, na kumkemea mwalimu mtoro bila kumvunjia heshima.

"Jamani, mkuu wenu mpya huyu hapa," afisa alisema. "Wala si mgeni. Tumemkuza wenyewe, humuhumu ndani."

Makofi yalikuwa machache. Mwalimu wa michezo alinong'ona kwa makusudi ya kusikika, "Tumemkuza nani na nani?"

Mama Ratiba aliweka kikombe chini. "Mheshimiwa, shule hii niliahidiwa mimi."

"Dada yangu, ahadi iko palepale. Ulihitaji watatu, hadi jana ulikuwa na wawili. Leo huyu amekuwa mkuu, umetimiza. Hongera! Shule hii ikibaki wazi tena, ni yako."

"Itabaki wazi lini?"

"Akistaafu."

"Ana miaka thelathini na minne. Mimi nina hamsini na mmoja."

Mtu alicheka, kisha akakimeza kicheko chake. 

"Mama, mimi sikuiomba shule hii," Suti alisema, macho sakafuni.

"Uliambiwa lini?"

"Ijumaa."

"Na Jumamosi ulikuwa kwangu. Umekula, umeniuliza mitihani ya hapa inapangwaje, umeaga. Hukufungua mdomo."



Afisa alikohoa. "Tusiharibu siku. Ukweli ni kwamba tukikufungia ofisini, nani atatulelea viongozi? Una mkono wa kulea, dada." Akamwita mbele mwalimu wa kemia, aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. "Huyu ndiye mrithi wako wa nne. Muanze leo."

"Silei."

"Unasemaje?"

"Silei mtu. Nimekuwa ngazi vya kutosha, na kila mmoja amenipanda na viatu vyake. Mkuu mmemweka, mnamlipa, amlee yeye."

"Huo ni utovu wa nidhamu!"

"Basi niadhibu. Ila uniadhibu kama mwalimu wa hesabu, maana ndicho mlichoniachia."

Kengele ililia. Alichukua chaki zake akatoka. Afisa alimfuata koridoni akiita, "Dada! Mwalimu! Subiri kwanza!" Hakugeuka. Darasani aliandika swali la hesabu za sehemu ubaoni, akamwita mwanafunzi wa dawati la mbele aje kulikokotoa. Afisa alipofika kizingitini, Mama Ratiba alifunga mlango.