Karatasi Kwenye Koti Jeupe

Dobi alikuwa na desturi moja ambayo haikumtoka hata vidole vilipoanza kumvimba kwa baridi yabisi: haloweki nguo kabla ya kupekua mifuko. Humo alishaokota funguo, pete ya ndoa, hata meno ya bandia yaliyomchekesha wiki nzima.

Jumamosi hiyo alipekua koti la mdogo wake, muuzaji wa duka la dawa, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea vidonge vyake vya baridi yabisi kila mwezi katika bahasha ndogo ya kaki. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Jina la dawa lilikuwa lile lile la kwenye bahasha. Mstari mmoja ulipigiwa kalamu: anayetumia dawa hii ajikinge na jua, ngozi inaweza kuungua na kutoka malengelenge.

Dobi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miezi miwili sasa uso na mikono ilikuwa imembabuka. Alilaumu sabuni. Alimsema jirani aliyemuuzia sabuni hiyo mpaka wakaacha kusalimiana. Na mdogo wake alikuwa akimpaka mafuta jioni na kumpa pole, ilhali siku zake za mapumziko alimwona saa sita mchana akianika kwenye kamba, kwa kuwa mashuka meupe yanataka jua kali.

Mdogo mtu aliporudi, aliiona karatasi mapajani mwa dada yake, akasimama mlangoni. Hakujitetea sana. Alisema zile dawa za kwanza dada alizitupa chooni baada ya kusoma karatasi yake tu, kisha akakaa miezi mitatu hawezi kushika kijiko.

"Ungeacha, dada. Nakujua."

"Ningevaa kofia," dobi alisema taratibu. "Ningeanika asubuhi. Umeniacha nikagombana na mtu wa watu, na wewe umekaa kimya unanipaka mafuta."

Dobi akameza kidonge cha mchana mbele ya mdogo wake, ajue kuwa kinachouma si dawa. Akasema Jumatatu atakwenda kwa daktari mwenyewe, na karatasi itabaki kwake.

Koti akamrudishia likiwa kavu.

"Hili utafua wewe."

Kisha akajifunika mtandio kichwani, akapita ubavuni mwa ukuta, penye kivuli, kwenda kumwomba jirani radhi.