Bomba ya Kutoa Maji

Lori ilichemka mara ya pili kabla ya kufika Modogashe, na Olow, mwenye lori, akashuka na bakora mkononi kama mtu anayeenda kuchapa punda.

"Waryaa Siyad! Maji ya gari yangu unakunywa wewe?"

Hebu fikiria! Abiria wamekaa juu ya magunia na mbuzi wao wanaangalia, mvuke unapiga fyuuu kutoka mbele, na dereva mzima, baba ya watoto, anaulizwa kama anakunywa maji ya injini. Siyad alisikia masikio yake yanawaka kuliko hiyo rejeta.

"Adeer, mzee wangu, jana jioni nimejaza mpaka juu. Wallahi."

"Basi wallahi yako ndiyo inavuja."

Abiria wakacheka. Siyad alimeza mate, lakini hasira haikumezeka. Hiyo tangi ya maji ya injini ilikuwa kazi yake! Lori hiyo, Bedford kuukuu, ilikuwa mgonjwa tangu apewe funguo, na ni yeye aliyejua kwa nini: hewa ilikuwa inanaswa juu ya injini, maji haizunguki. Akaenda kwa Kerrow, fundi wa kuchomelea pale Garissa, wakaunda tangi ya chuma, wakaifunga nyuma ya kebini, juu kuliko injini yote. Paipu nyembamba ikatoka kichwa cha injini mpaka juu ya tangi, hewa ipate njia. Paipu nene ikashuka kutoka tako la tangi mpaka kwa pampu, maji irudi kazini. Na ubavuni wakateremsha paipu nyingine, mwisho wake bomba ya shaba kama ile ya nyumbani, ya kumwagia maji ikishika kutu.

Olow alikuja siku hiyo kuangalia, akagonga bomba na bakora. "Na hii ni ya nini?"

"Ya kutoa maji, adeer."

"Maashallah," Olow akasema, akaenda zake. Siyad alitembea wiki nzima kifua mbele.

Sasa ona anavyotukanwa!

"Sikiliza," Olow akasema pale barabarani, sauti juu ili hata mbuzi wasikie. "Hii gari ikichemka tena, funguo nampa Barre."

Barre! Shemeji yake Olow, aliyekaa kebini shavu limejaa miraa, mtu ambaye hata kurudi nyuma na lori hajui. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, mifugo wamelala wafu kando ya njia, na kazi ya udereva ukiiachia huioni tena. Barre akatoa kichwa dirishani, akatabasamu. "Usijali, walaal, ndugu yangu. Nitakufundisha kukaa juu ya magunia."

Pale Modogashe Siyad alijaza tangi kwa maji ya kisima mpaka ikamwagika. Akapitisha mkono kwa kila paipu ya mpira, akakaza klipu moja moja, akaingia chini ya lori kwa mgongo. Kukavu. Hakuna hata tone. Wakaendelea hadi jua likazama, wakalala porini, mbali na kisima chochote. Kabla ya kulala Siyad alipanda juu, akagusa maji kwa kidole, akafunga kifuniko na waya, mafundo ya hasira. Kama kuna mwizi, atamjua.

Alfajiri aliamka kabla ya wengine, kama kila siku, akachukua birika yake, akatawadha upande wake wa dereva. Halafu akapanda kuangalia waya. Mafundo yote yako sawa! Akataka kushukuru Mungu. Ndipo aliposikia sauti kutoka upande wa pili.

Shhhhh.

Akazunguka lori mbio, viatu bado mkononi.

Olow amekaa juu ya kreti, mikono ya kanzu imekunjwa, mguu wa kulia chini ya bomba, anasugua katikati ya vidole bila haraka. Nyuma yake foleni: abiria Mama Jawahir na birika tupu, wazee waliopanda Hadado, na mwisho wa foleni, akipiga miayo, Barre.

"Siyad," Olow akasema kwa upole, "katika kazi zako zote, hii ndiyo nzuri. Asubuhi inatoa maji ya uvuguvugu."

"Adeer!" Siyad alipiga kelele mpaka mbuzi wakaruka. "Hiyo ni damu ya injini! Siku tatu mnatawadha na injini yangu, halafu mimi ndiyo nakunywa maji? Mimi?"

"Nilikuuliza hii ni ya nini. Ulisema nini?"

"Ya kutoa maji!"

"Basi? Nimetoa."

"Ya kutoa uchafu!"

"Ungesema uchafu," Olow akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akafunga bomba. Akaangalia miguu yake iliyolowa, akaangalia mchanga uliokunywa tangi nzima.

"Na funguo?" Siyad akauliza. "Unampa nani sasa? Sema mbele yao, kama ulivyosema jana."

Barre akaanza kutafuta kitu mfukoni, kitu ambacho hakikuwepo.

"Kaa nayo," Olow akasema. "Hii makosa ni yangu."

Baada ya swala, Olow mwenyewe alipanda juu na jerikeni yake ya kunywa, akaimwaga yote kwenye tangi. Wengine wakamfuata, Mama Jawahir akilalamika mpaka tone la mwisho. Siyad aling'oa mkono wa bomba kwa koleo, akautia mfukoni pamoja na funguo.

Walisafiri hadi Garissa na kiu. Injini haikuchemka. Karibu na mjini Olow akakohoa, akasema polepole, "Lakini yalikuwa ya uvuguvugu vizuri."

Siyad alikanyaga mafuta. Alikuwa bado amekasirika.