Phares wa Jumamosi

Kila Jumamosi saa nane mchana Maurine hufungua ukumbi wa mtaa pale Makongeni, hufagia, hupanga viti kuizunguka meza ya mbao, kisha huweka flaski ya chai na bakuli la mandazi. Jumamosi ile alikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ilisema ukumbi una mwenyewe, mwenyewe ana hati, na baada ya siku thelathini utabomolewa. Chini kulikuwa na sahihi ya Phares Mukolwe. Maurine aliibandua haraka vijana wasije wakaisoma, hasa Phares.

Kwa maana Phares wako wawili, au tuseme ni yule yule mara mbili.

Mchezo wenyewe ulianzishwa na marehemu mzee Kitonga, karani wa reli. Mmoja husimulia safari. Wengine kila mtu ana mhusika wake, husema mhusika anataka kufanya nini, halafu hurusha dadu kuona kama ameweza. Dadu ni ya pande ishirini, Kitonga aliichonga mwenyewe kwa kipande cha mti wa muhugu. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtu asiondoke mezani kabisa bila kuaga. Sasa mwaka wa tisini na tatu babake Phares akastaafu, na nyumba ilikuwa ya kazi. Alhamisi wakapakia vitanda kwenye lori wakaenda zao Vihiga, na kijana hakuaga mtu. Jumamosi akaja mchezoni kama kawaida. Wiki mbili baadaye mamake aliandika barua kwamba Phares yuko naye huko, anakula vizuri na ameshaingia shule. Kitonga aliisoma mbele ya Phares, akaikunja, akamwambia ni zamu yake.

Tangu hapo kijana huyo hajakosa hata wiki moja. Ana miaka kumi na sita na shati la shule lililopungukiwa kifungo. Ya mchezo anakumbuka yote. Ya dunia akitoka tu mlangoni yamemtoka. Kwa hiyo Maurine, mwenye miaka arobaini na tisa, karani wa kiwanda cha misumari, huulizwa upya kila wiki.

"Mo, umeanza kuvaa miwani?"

"Macho, Phares."

Na moyo humdunda vile vile. Wacha tuseme ukweli, alimpenda walipokuwa rika moja, na hakuwahi kufungua mdomo. Siku hizi haifai tena. Yeye ni mtu mzima na yule ni mtoto wa watu. Humwongezea mandazi tu.

Vijana wa leo, Whitney, Ndete na Sylvance, hawana neno naye isipokuwa ile Sheng yake ya zamani. "Anti, huyu anaongea kama babu ya mtu," Whitney humcheka, na Phares hucheka pia. Watatu hao hukaa hapo mpaka saa kumi na mbili, na mama zao hupika wakiwa wametulia, kwa sababu huko nje kijana akisimama kwenye kona dakika kumi, karao wanamzoa na kumtupa seli. Hakuna pengine pa kuwapeleka. Maurine alilijua hilo, na ndilo lililomfanya atafute namba ya Phares mkubwa, yule mwenye sahihi.

"Njoo Jumamosi mara moja tu," alimwambia. "Kuna mtu nataka umwone."

Aliamini, maskini, kwamba mtu akimwona mtoto aliyekuwa yeye hawezi kumbomolea.

Phares mkubwa alikuja na gari jeupe, tumbo mbele, simu mbili mkononi. Alimwona kijana mezani, akamtambua papo hapo, akaomba chai. Kijana hakumtambua. "Karibu, mzee," alisema, akampisha kiti kizuri.

Maurine akampa mgeni mhusika: msafiri anayetaka kuvuka daraja la kamba. Mlinzi wa daraja hilo ni Phares mdogo, na amelilinda tangu mwaka ule wa tisini na tatu. Mgeni akarusha dadu, ikaangukia mbili. Kwa kanuni alipaswa kutumbukia mtoni.

"Ngoja," kijana akasema. "Mlinzi wangu anamshika mkono."

Akarusha yake, ikaangukia kumi na tisa. Mgeni akavuka. Phares mkubwa alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi, akala mandazi matano, akamkumbuka Kitonga na kikohozi chake, akacheza saa tatu bila kugusa simu. Maurine alimtazama akasema moyoni, yameisha.

Mlangoni akamuuliza, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi?"

"Maurine, mambo yameshafika mbali."

"Basi ingia umuage. Ukiaga mezani ataondoka na wewe. Ni wako."

Phares mkubwa aligeuka akamtazama kijana, aliyekuwa akimfundisha Ndete kuchora ramani.

"Sina pa kumweka," alisema, akaingia garini.

Mabati yalizungushwa siku ya thelathini, ukumbi ukaanguka kabla ya saa nne asubuhi. Maurine alilia kazini, kwenye stoo ya misumari, akanawa uso akarudi mezani. Jumamosi alipanga viti kwenye kibaraza cha nyumba yake. Sylvance hakuja, walimzoa Ijumaa pale kona. Phares alikuja akihema kwa hasira.

"Mo, nani amebomoa ukumbi wetu?"

Whitney akamtazama Maurine, kisha akainamia karatasi yake.

"Mtu fulani," Maurine akasema.

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ni mtu wa aina gani?"

"Alikuwa mtoto mzuri sana. Wa hapa hapa."

Phares alifikiri, akatikisa kichwa.

"Hapana, Mo. Watoto wa hapa wote nawajua."

Sasa ni mwezi wa saba tangu ukumbi ubomolewe. Huuliza kila Jumamosi, naye humjibu hivyo hivyo. Wiki iliyopita ng'ambo ya pili, palipokuwa na ukumbi, mafundi walikuwa wanamwaga zege la ghorofa ya tatu, ikabidi Maurine asimulie kwa sauti ya juu.