Rais Mwenye Sharafa

...na meno ya mbao, bado wanasema meno ya mbao, miaka yote ile Leland Tebbe alisimama mbele yao na chaki mkononi na bado Duane, mtu mzima mwenye wajukuu na goti la chuma, amekaa hapa mezani na soseji shavuni anawaambia watu kwamba Washington ndiye rais mkubwa kuliko wote kwa sababu aliianzisha nchi huku meno ya mbao yakimuuma, kana kwamba meno ndiyo yaliyowafukuza Waingereza, na hayakuwa ya mbao, yalikuwa ya pembe na mengine ya watu, ya watumwa, Leland alilisema hilo darasani mpaka sauti ikamkauka, lakini kumfundisha Duane ni kumpigia mbuzi gitaa, ilikuwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita na ni hivyo leo mvi zimemjaa, "na hakutaka mshahara," Duane anaendelea, "sasa niambieni nyinyi, nani leo asiyetaka mshahara," na Norbert anadakia, "wewe, maana kazi huijui," wakacheka, wacheke, kicheko hakina ada ya kuingilia. Ndiyo desturi yao ya kila Jumamosi ya katikati ya Februari, hapa kwenye meza ya duara ya mgahawa wa Rhonda wanapokutana Jumamosi zote, kila mmoja ataje rais mmoja aliye mkubwa kuliko wote na aseme kwa nini, jina lililokwisha kutajwa halirudiwi, na mtu akikosa jina mchezo unaishia hapo, asimame ale kiapo cha bendera, mkono kifuani, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kwa vile kiapo hicho mtu hakisikilizi akiwa amekaa, mgahawa mzima nao husimama, mwenye pankeki aache pankeki, mwenye kofia avue, mchezo wa watu waliostaafu hata kufikiri, na Leland huja kila mwaka, huwa wa mwisho kusema kwa sababu yeye ndiye mwalimu, na kila mwaka humtaja mtu wake yuleyule, yule ambaye wajinga hawa wasingemjua kama si yeye, yule mwenye sharafa, nywele zile nene za mashavuni zilizoshuka zikakutana na masharubu, yule... aaa, litakuja, jina halina haraka, bado Norbert na Merle hawajasema, litakuja tu.

Na Corinne anamtazama. Binti yake, amekuja juzi kutoka Columbus na begi dogo na uso mkubwa wa huruma, uso huo ameutoa wapi, si kwa mama yake, Vera alikuwa na uso wa kukata kuni, angemwambia Leland kunywa kahawa yako acha kujisikia, lakini Vera yuko chini ya ardhi mwaka wa tano huu na aliyebaki ni Corinne, ameagiza mayai na hayali, ati nakuja tu kuwasikiliza, Baba, nimeukumbuka mchezo wenu, uongo, hakuja kusikiliza, amekuja kupima, kama yule daktari wa juzi, mtoto mdogo wa kike aliyevaa viatu vya kukimbilia, akamsogelea na kumwuliza polepole na kwa sauti ya juu kana kwamba Leland ni kiziwi wa kijiji kingine, Bwana Tebbe, unaweza kuniambia rais wetu wa sasa ni nani, yeye, yeye aulizwe hilo, yeye aliyewatia mji mzima marais vichwani, mkulima na mke wa mkulima na mchungaji wa kanisa na huyo fundi aliyekutengenezea bomba lako, binti, wote hao wamekaa mbele yangu wakaimba majina kuanzia wa kwanza, na akanyoosha mkono ndani ya kichwa chake kulichukua jina pale linapokaa, na pale linapokaa palikuwa peupe, peupe kabisa... akakunja mdomo, akamjibu, kwani siku hizi kuna mtu anayestahili kuitwa hivyo, na daktari akacheka mpaka kalamu ikamwanguka, jamani Bwana Tebbe, na likaisha, dharau huwa haimwangushi Leland, ukiwadharau watu vya kutosha hawakuulizi mara ya pili. Ila Corinne hakucheka. Ndani ya gari alisema, akiendesha yeye, Jumatatu tutazungumza, Baba, habari ya funguo za gari na habari ya nyumba, tuone kwanza hizi siku mbili zinakwendaje, na hizi siku mbili ndizo hizi, na mahali penyewe wanapowapeleka wazee anapajua, alimzika rafiki yake kutoka pale, jengo la matofali lenye vyuma vya kushikilia ukutani na mabinti wanaokuimbia siku yako ya kuzaliwa na kukuita mpenzi, mpenzi, meza supu, mpenzi.

"Mimi namtaja Taft," anasema Norbert, aliyeuza bima maisha yake yote na bado huongea akiegemea mbele, "na sababu ni moja, ni wa kwetu," hiyo ndiyo sababu, wa kwetu, Ohio, jimbo hili limetoa marais na limetoa Norbert vilevile kwa hiyo lingekuwa na adabu lingenyamaza, "akawa rais, halafu akawa jaji mkuu, nani mwingine aliyeyashika yote mawili, hakuna," hilo angalau ni kweli, saa mbovu nayo hupatia mara mbili kwa siku... "na lile beseni," anasema Rhonda akipita na birika la kahawa, "si ndiye aliyekwama kwenye beseni la kuogea," "ndiye, dada, wakamtoa kwa siagi," na Duane anapiga meza, siagi, hakukwama, hakuna siagi, mtu amekaa kwenye kiti cha hukumu cha nchi nzima na mji huu umekumbuka makalio yake, ndivyo mnavyopima ukubwa nyinyi, huyu meno, huyu makalio, na mkifika kwa Lincoln mtapima kofia, watu wa aina hii wanapiga kura, Mungu anisaidie, wanapiga kura na kura zao zinahesabiwa. Kikombe kimejaa tena. Haya, lete jina. Alikuwa makamu wa Garfield, tazama, Garfield amekuja bila kuitwa, Garfield wa hapahapa Ohio, akapigwa risasi na mtu aliyenyimwa cheo, madaktari wakamtia vidole vichafu kidondani mpaka akafa, na makamu wake akaapishwa, na makamu wake ni... suruali nyingi kabati zima, hilo lipo, watu walimcheka kwa suruali zake, mtu wa New York, mtu wa kugawana vyeo na marafiki, wote walijua nchi imekwisha, na akaingia akawafungia marafiki mlango, akatia sahihi kwamba kazi za serikali zianze kupatikana kwa mtihani si kwa kujuana, akatia sahihi pia ile sheria ya kuwafungia Wachina mlango wa nchi, Leland hakuwaficha watoto hilo, mtu mkubwa ana uchafu wake na mwalimu anayeuficha ni mhubiri, na mke wake alikwisha kufa, kila siku aliagiza maua mabichi yawekwe kwenye picha yake, hilo lipo, maua yapo, picha ipo, na figo, figo zilikuwa zinamfia na hakumwambia mtu, anaumwa na anakaribisha wageni, anacheka, anakula, hawajui kitu, na siku zake zilipokwisha akaamuru karatasi zake zichomwe, zikachomwa, moshi, na Leland alikuwa akifika hapo anaweka chaki chini, anawaambia, huo ndio ukubwa, kubeba lako na kufunga mdomo, basi, hakuna sanamu, hakuna wimbo, hata jina lake mtalisahau mkitoka mlangoni... mtalisahau. Kumwambia mtu yeyote habari za mtu huyu kwa saa nzima, Leland anaweza, anazo hata rangi za sharafa, na pale juu ya sharafa ambapo jina lingekaa, peupe. Basi taja mwingine. Taja mwingine, wako wengi, walikuwa wanaimbwa, anza wa kwanza, Washington, ametajwa, Taft, ametajwa, Garfield, hakukaa hata mwaka, watacheka, Washington... na akimtaja mwingine wataacha vijiko vyao waseme, vipi Mwalimu, wako umemwacha wapi, na Corinne aliyelelewa na jina hilo kwenye meza ya chakula atauweka uma wake chini taratibu, na Jumatatu itakuwa imefika leo. Hasira inampanda, anawachukia, anamchukia Duane na meno yake na Norbert na siagi yake, wamejaza vichwa takataka na takataka zao zote wanazo, hakuna hata moja iliyowapotea, meno ya mbao yatakuwepo siku Duane anakufa, na yeye aliyekuwa na kitu chenyewe, cha kweli, yeye ndiye...

"Haya, Merle," anasema Duane, "zamu yako, halafu Mwalimu atufunge midomo," na Leland anapumua, Merle, ahsante kwa Merle, Merle ni mzito, Merle atachukua muda, Merle aliyeandika kwenye mtihani kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe tulipigana na Wahispania, Leland aliisoma ile karatasi kwa walimu wenzake na wote wakafuta machozi kwa kicheko, kilo mia na ushei za mkulima wa mahindi ndani ya kofia ya kampuni ya mbegu, na anajikuna shingo, na macho yake hayapo kwa Duane, yapo mezani, yapo kwenye mkono wa Leland, mkono una nini, mkono unakoroga kahawa, kijiko kinazunguka, kinagonga ukingo, kinazunguka, na Leland hajaweka sukari, hajawahi kuweka sukari wala maziwa tangu jeshini, anakoroga nini, kiache, anakiacha, na Merle anainua macho yale ya ng'ombe, anasema, "Mimi sina."

"Huna nini?"

"Sina jina. Limenitoka."

"Acha zako, Merle, kuna marais chungu nzima."

"Basi wote wamenitoka. Mwalimu mwenyewe anakijua kichwa changu," na Duane na Norbert wanapiga kelele za furaha, asimame, asimame, mchezo umekwisha, na Leland anahisi mgongo unalegea kutoka shingoni mpaka kiunoni, hakuulizwa, hatoulizwa, mpaka mwakani, na neno lake likamjia palepale tamu na kali ulimini, kichwa kilekile kilichopigana na Wahispania, na alikwisha kufungua mdomo alitoe... na Eisenhower. Asubuhi hii pale nje, kwenye maegesho, mvuke ukiwatoka midomoni, Merle alimfungulia mlango akamwambia, mwaka huu ninaye, Mwalimu, Eisenhower, kwa barabara zile kuu alizozijenga, bila yeye mahindi yangu yangeozea shambani, akacheka mwenyewe, alikuwa amejiandaa wiki nzima, ilionekana, hata sentensi aliipanga. Hakijamtoka kitu Merle. Merle amejitia hamnazo. Na ameanza lini, ameanza lini kuujua mkono huu, Oktoba, ile jioni Leland alisimamisha gari kwenye njia panda anayoipita tangu ujana na hakujua nyumbani ni kushoto au kulia, na gari la Merle likatokea, dirisha likashuka, nifuate, Mwalimu, naelekea hukohuko kwako, na Leland alimfuata akimsonya, mkulima hana kazi, na Merle hakai upande ule, hajawahi kukaa upande ule. Na Norbert anayepiga simu kila Ijumaa, usisahau kesho, Mwalimu, akamjibu nisahau mimi, labda wewe, na Duane anayemketisha kwenye kiti kilekile... kumbe wanajua, meza nzima inajua, wamekaa wakisemwa na kudharauliwa na mtu ambaye wao ndio waliokuwa wakimshika mkono, na hawakusema, wamelibeba lake na kufunga midomo, nani aliwafundisha hilo, nani aliweka chaki chini akawafundisha hilo. Aibu ikampanda usoni, moto, mpaka masikioni, na neno lile kali bado liko ulimini, akalimeza.

Merle amesimama, amevua kofia, nywele zimelala upande mmoja, mkono mpana kifuani, na viti vinaburuzwa mgahawa mzima, familia ya dirishani, dereva wa lori aliye peke yake, Rhonda amesimama na birika mkononi, na Leland anasimama, na Corinne kando yake, na kiapo kinaanza, naahidi utii kwa bendera, na midomo ya Leland inakwenda yenyewe, maneno yapo yote, hayajapungua hata moja, wimbo huu wa watoto alioudharau utotoni utabaki, yatakwenda yote na huu utabaki, na kwa mara ya kwanza hajisikii kuucheka. Merle anakosea mstari mmoja, anarudi, anaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Leland anainama kidogo, bega lake linagusa bega la binti yake.

"Corinne. Yule wangu. Mwenye sharafa. Anaitwa nani?"

Corinne hakugeuka, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya huruma, ilikuwa ya mtoto wa meza ya chakula aliyeulizwa jambo analolijua. "Arthur, Baba. Chester Arthur."

"Ndiye," alisema Leland, ndiye, ndiye huyo, na jina likakaa juu ya sharafa zake na halikumwuma popote, na Merle alikuwa bado hajamaliza na watu walikuwa bado wamesimama na kahawa bado inatoa mvuke, na Leland akatazama mbele, mkono kifuani. "Na huyu wa sasa," akanong'ona, "huyu tuliye naye, ni nani?"